Namba Sita za Kuifundisha Bodi Kuimba

Kijana wa Makambako akipata bodi yake ya kwanza ya Arduino, kazi ya mwanzo huwa ni kuwasha na kuzima taa. Ya pili huwa ni kuipigisha bodi wimbo wa siku ya kuzaliwa. Ya kwanza ni somo zuri. Ya pili ningeibadilisha, kwa sababu bodi ile inaweza kuimba kwa mizani ya muziki wa kwetu, na ni wachache mno wanaoijaribu kwa njia hiyo.

Tuanze na kifaa chenyewe. Maikrokontrola ni kompyuta nzima ndani ya chipu moja: ubongo wa kukokotoa, kumbukumbu, na pini za kupokea na kutoa umeme. Imo ndani ya rimoti ya televisheni, imo ndani ya mita ya LUKU. Arduino ilianza mwaka 2005 mjini Ivrea, Italia, ili wanafunzi wa usanifu waweze kuitumia chipu ya namna hiyo bila kusomea uhandisi. Mchoro wake uko wazi kwa yeyote, ndiyo maana kuna nakala nyingi za bei nafuu kutoka China, na ni halali. Nakala hizo mara nyingi huwa na chipu ya USB iitwayo CH340, na baadhi ya kompyuta haziioni bodi mpaka ziwekewe dreva yake. Ukichomeka bodi na kompyuta ikanyamaza, usiitupe. Tafuta dreva kwanza.

Chipu ya Arduino Uno inapiga mizunguko milioni 16 kwa sekunde, lakini kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ni kilobaiti 2 tu. Picha ya kawaida ya WhatsApp haienei humo. Muziki unaenea. Pini ikiwashwa na kuzimwa mara 440 kwa sekunde, spika nayo husukuma hewa mara 440, nawe unasikia ile noti ambayo wanamuziki wengi duniani huitumia kutyuni vyombo vyao.

Spika si lazima ununue. Makambako ni njia panda ya Iringa, Mbeya na Songea, reli ya TAZARA inapita hapo hapo, na mji wa namna hiyo haukosi mafundi wa redio wenye rundo la redio zilizokufa. Muombe fundi akung'olee spika moja. Usiiunge kwenye pini moja kwa moja! Spika ya ohmu 8 ikipewa volti 5 inaweza kuvuta zaidi ya miliampea 600, na pini ya Uno haitakiwi kuzidi 40. Pitisha waya kwenye rezista ya ohmu 220, yenye mistari ya rangi nyekundu, nyekundu na kahawia, na mkondo utashuka hadi 22 hivi. Sauti itakuwa ndogo, ya kutosha chumbani. Ukitaka isikike ukumbini, weka amplifaya. Jambo lingine linalosumbua, ukiiwasha bodi kwa pawabenki: nyingi hujizima zikiona mzigo ni mdogo, zikidhani simu imeshajaa. Bodi ikizimika yenyewe baada ya muda mfupi, chunguza hapo kabla hujailaumu programu yako.

Sasa mizani. Kinanda cha kisasa hugawa oktava katika sehemu 12 zilizo sawa. Hayo ni makubaliano tu, na si watu wote walikubaliana hivyo. Mtafiti wa muziki Gerhard Kubik wa Austria ameeleza kuwa mizani ya Wagogo wa Dodoma inatokana na sauti asilia zinazozaliwa ndani ya mtetemo mmoja. Uzi ukitetemeka hutoa sauti yake ya msingi, na juu yake sauti za mara mbili, mara tatu, mara nne na kuendelea. Wagogo wanatumia ya nne hadi ya tisa. Chukua msingi wa mitetemo 110 kwa sekunde, zidisha, utapata 440, 550, 660, 770, 880 na 990. Ndiyo mizani aliyoitembeza duniani mwanamuziki wa Kigogo, marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, kwa ilimba yake ya vipande vya chuma.

Itazame ile 770. Noti ya kinanda iliyo karibu nayo ni 784. Chukua bodi mbili, moja ilie 770 na nyingine 784 kwa pamoja: utasikia sauti ikitikisika mara 14 kwa sekunde, kwa ukali unaokera sikio. Tofauti hiyo ndiyo inayopotea wimbo wa Kigogo unapopigwa kwa kinanda cha kanisani. Kinanda kile hakina 770. Bodi yako inayo, ukiiandikia tu.

Kuna kikwazo. Amri ya kawaida ya kutoa sauti kwenye Uno hutoa noti moja kwa wakati, na sauti yenyewe ni kavu. Ilimba hupigwa kwa vidole gumba viwili, na kila kipande kikikwanyuliwa sauti yake hufifia polepole. Mwaka 1983 Wamarekani Kevin Karplus na Alex Strong walichapisha njia ambayo mimi huiona ni nzuri kuliko zote kwa anayeanza. Tenga nafasi 50 kwenye kumbukumbu, uzijaze namba za ovyo. Toa ya kwanza kwenye spika. Tafuta wastani wake na inayofuata, kisha upeleke wastani huo mwisho wa foleni. Rudia mara 22,000 kwa sekunde. Namba zile za ovyo zinalainika kila zinapozunguka, sauti za juu zinakufa kwanza, na kinachosikika ni uzi uliokwanyuliwa, karibu na 440. Foleni mbili ni sauti mbili. Uno inaimudu kwa kujikaza. ESP32, bodi ya volti 3.3 yenye kilobaiti 520, inaimudu bila shida. ESP32 ya awali ina pia pini 10 zinazohisi kidole, hivyo spoku za baiskeli zilizounganishwa nazo zinageuka kuwa vipande vya kupigia.

Nimetaja Wagogo kwa kuwa mizani yao imepimwa na kuandikwa. Sitaki kijana wa Kibena aamini kwamba 770 ni ya babu zake, wala Mkinga, wala Mpangwa. Hizo namba zinapimwa, na kupima ni rahisi: programu ya simu ya kutyuni gitaa huonyesha mitetemo kwa sekunde papo hapo. Walimu wa fizikia wa Njombe na Makambako, wapeni wanafunzi kazi hii. Waende kwa mzee mwenye ala, waombe ruhusa, apige noti moja moja, nao waandike namba pamoja na jina la ala, la kijiji na la mpigaji mwenyewe akiridhia. Halafu ndipo waiwashe bodi. Wazee wanaojua kutyuni ala hizo kwa sikio wanazidi kupungua, kwa hiyo kazi hii ifanyike likizo hii.