Redioni, Taja Tukio Lenyewe

Kwenye ajali kubwa hukutana polisi, zimamoto na wahudumu wa magari ya wagonjwa, kila kundi na redio yake na mazoea yake. Mmoja wao akitaja namba badala ya kusema kilichotokea, maisha ya majeruhi yanabaki kutegemea iwapo anayesikiliza amekariri orodha ileile. Huo ni mzigo usio na sababu. Kwenye redio za dharura tukio litajwe kwa jina lake, na litajwe hivyo kila siku, hata kwa mambo madogo.

Namba hizo zilikuwa na sababu zilipoanza. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Charles Hopper, aliyesimamia mawasiliano katika polisi wa jimbo la Illinois, Marekani, alikuwa na tatizo la mitambo. Askari alipobonyeza kitufe cha redio garini, mota iliyozalisha umeme wa kurushia sauti ilichelewa kidogo kushika kasi, na silabi ya kwanza ikapotea. Hopper akatanguliza "kumi" kabla ya kila namba: hata "kumi" ikikatika, namba yenye maana ilifika salama. Ilikuwa busara ya kweli. Redio za sasa hazina mota ile, lakini namba zilibaki, na idara nyingi zikazirekebisha kila moja kwa matakwa yake, hata namba moja ikawa na maana tofauti kwa majirani wanaoitana kusaidiana.

Wazimamoto wa California waliliona hilo mapema. Mwaka 1970 moto uliwaka huko kwa siku 13, ukaua watu 16 na kuteketeza majengo yapatayo 700. Vikosi vilivyotoka sehemu mbalimbali vilishindwa kuelewana, kwa redio na kwa istilahi. Mfumo wa uongozi uliobuniwa baada ya hapo uliweka sharti la kusema kwa maneno ya kawaida. Serikali ya Marekani ilifuata baadaye: kuanzia mwaka wa fedha 2006, ruzuku za maandalizi ya dharura zilifungamanishwa na lugha ya wazi katika matukio yanayohusisha idara zaidi ya moja. Kwa shughuli za ndani za kila siku, idara ziliachiwa namba zao. Hapo ndipo ninapoona kasoro, kwa sababu mtu aliyepagawa husema alichozoea kusema, wala hapati nafasi ya kukumbuka kwamba leo kanuni ni nyingine.

Watetezi wa namba husema ni fupi. Katika orodha nyingi 10-50 ni ajali ya gari, lakini askari akishaitaja bado lazima aseme iko wapi, majeruhi ni wangapi, na kama kuna aliyebanwa ndani. Alichookoa ni neno moja. Husema pia kwamba namba huficha siri, ilhali orodha hizo zinajulikana na yeyote mwenye hamu ya kusikiliza. Jina la marehemu au maradhi ya mgonjwa yanalindwa kwa kusimba mawimbi yenyewe.

Pingamizi zito linatoka angani. Januari 25, 1990, ndege ya Avianca kutoka Colombia ilizungushwa muda mrefu ikisubiri kutua New York. Marubani waliomba kipaumbele, na baadaye wakasema mafuta yanakwisha, maneno ambayo yeyote angeyaelewa. Hawakutangaza dharura. Ndege ilianguka Long Island, na kati ya watu 158 waliokuwamo, 73 walikufa. Wachunguzi walilaumu, pamoja na mengine, kukosekana kwa maneno sanifu ya kueleza hali ya mafuta. Kwa hiyo uwazi peke yake hautoshi: maneno ya kawaida nayo yakubaliwe mapema na yafanyiwe mazoezi, ili "dharura" iwe na uzito uleule kwa anayetamka na anayesikia.

Askari aliyeelekezewa bunduki ni habari nyingine. Hawezi kutangaza hatari yake huku mshambuliaji akimsikia, naye anahitaji neno la siri. Virginia, ilipoachana na namba mwaka 2006, ilibakiza misimbo michache kwa hali za namna hiyo. Neno la aina hii halivunji hoja, kwa kuwa anayefichwa ni mwenye bunduki, na wenzake wote redioni wamefundishwa maana yake moja.