Testosteroni imeonekana chini na wewe huumwi: ufanye nini?

Ulienda kupima afya kwa ujumla, labda kwa sababu mwajiri alitaka. Majibu yakatoka: sukari sawa, figo sawa, ini sawa. Lakini kando ya neno testosteroni kuna herufi L, yaani iko chini. Hamu ya tendo la ndoa unayo na nguvu za kufanya kazi unazo. Sasa umeanza kuwa na wasiwasi, na tayari kuna mtu amekuambia kwamba sindano itamaliza tatizo.

Usikubali sindano kwa jibu moja.

Testosteroni haikai kiwango kimoja siku nzima. Hupanda usiku ukiwa umelala, hufika kileleni asubuhi, kisha hushuka kadiri siku inavyosonga, hasa kwa vijana. Damu iliyotolewa saa tisa alasiri, baada ya chakula cha mchana, inaweza kuonyesha upungufu ambao asubuhi usingeonekana. Chakula chenyewe hushusha kiwango kwa saa chache. Vivyo hivyo usiku bila usingizi, homa ya malaria, mazoezi makali mno, na dawa kama tramadol au prednisolone.

Ndiyo maana chama cha madaktari wa mfumo wa mkojo cha Marekani kinataka vipimo viwili vya asubuhi, vya siku tofauti, vyote vikiwa chini ya nanogramu 300 kwa desilita (karibu nanomoli 10.4 kwa lita), na tena mtu awe na dalili. Angalia kipimio kilichoandikwa kwenye karatasi yako kabla ya kulinganisha namba na ya rafiki yako. 12 kwa kipimio kimoja ni ya kawaida, kwa kingine ni hatari.

Kwa hiyo rudia. Nenda kati ya saa moja na saa nne asubuhi, kabla ya kula, ukiwa umelala vizuri na huna homa. Mwambie mtaalamu wa maabara dawa zote unazotumia, pamoja na vidonge vya kuimarisha nywele na kucha. Vingi vina biotini nyingi, nayo huvuruga baadhi ya mashine za kupima homoni: mwili uko sawa, jibu ndilo linalopotoka. Iache angalau siku mbili kabla ya kipimo.

Uzito nao una nafasi yake. Sehemu kubwa ya testosteroni husafiri kwenye damu ikiwa imeshikwa na protini, na kwa mtu mnene protini mojawapo hupungua. Jumla inaonekana ndogo wakati ile iliyo huru, inayofanya kazi, huenda inatosha. Daktari anaweza kuomba hiyo ipimwe au ikokotolewe.

Ikiwa jibu la pili pia liko chini, hatua inayofuata ni kupima LH, FSH na prolaktini. LH ikiwa juu, tatizo liko kwenye korodani. Ikiwa chini, au ya kawaida tu, ubongo au tezi ya pituitari haitoi amri ipasavyo. Prolaktini ikiwa juu sana, huenda kuna uvimbe kwenye tezi hiyo. Mara nyingi si saratani, na wengi hutibiwa kwa vidonge.

Kwa nini tunaisema sana sindano? Ubongo ukiona testosteroni imetoka nje, hukata amri zake kwa korodani, na mbegu za kiume hupungua au huisha kabisa. Mwaka 1990 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotumia sindano hizo kila wiki kama njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume, na zilizuia mimba. Kwa wengi mbegu hurudi baada ya kuacha, lakini huchukua miezi, na wengine zaidi ya mwaka. Kama bado unataka mtoto, mwambie daktari hivyo kabla hajaandika dawa yoyote.

Muone daktari mapema, bila kungoja kurudia kipimo, ikiwa matiti yanavimba au kutoa maziwa, kichwa kinauma mara kwa mara huku uwezo wa kuona pembeni ukipungua, au mmetafuta mtoto mwaka mzima bila kupata. Kwa hilo la mwisho, nendeni wote wawili.