Maiki Gani kwa Nyumba ya Mabati?

(Muziki unapanda, kisha unashuka.)

MTANGAZAJI: Vijana wa kwaya wameuliza: tumechanga hela, tununue maiki gani ya kurekodia sauti nyumbani? Tusikilizane vizuri, maana hela ya kwaya haichangwi mara mbili.

Ziko aina kuu mbili. Ya kwanza ni kondensa. Inanasa hata pumzi, ndiyo maana studio kubwa zinaipenda. Lakini nyingi zinataka umeme wa volti 48 kutoka kwenye kadi ya sauti, na hazichagui: mtoto analia, jogoo anawika, mvua inapiga bati, vyote vinaingia. Mimi nilianza na hiyo. Wimbo wangu wa kwanza ulitoka na kinu cha jirani ndani yake.

Ya pili ni dainamiki, kama Shure SM58 inayouzwa tangu 1966. Haitaki volti hizo, inavumilia kuanguka, na inasikia zaidi kilicho karibu. Kwa nyumba zetu, chukua hii. Bandia ni nyingi, kwa hiyo usilipe kabla hujajirekodi na kujisikiliza. Kumbuka pia kadi ya sauti au mikisa ya kuiunganisha na kompyuta.

Hela ikibaki, nunua hedifoni. Tundika mablanketi nyuma ya mwimbaji. Mdomo ukae vidole vinne kutoka kwenye maiki. Mvua ikinyesha, fanyeni mazoezi tu, kurekodi kusubiri.

(Muziki unapanda.)