Nati Inacheza, Kamba Imelegea

Anayejifunza Kiingereza akiuliza maana ya loose, mara nyingi hupewa neno moja tu, "legevu", na tabu huanzia hapo. Kwetu nati imelegea, jino linacheza, suruali inapwaya, mbwa kafunguliwa. Mwingereza kote huko husema loose, kwa sababu neno lake halitazami kitu kinavyotikisika, linatazama kifungo kisichokuwepo. Asili yake inaonyesha hivyo. Lililetwa na watu wa Skandinavia waliohamia Uingereza kuanzia karne ya 9, nao walisema lauss, yaani kilicho huru, kisichofungwa. Ndugu yake wa Kiingereza cha kale amebaki kama mkia katika homeless, asiye na makao, na careless, asiye na uangalifu. Lose, kupoteza, ni wa ukoo huohuo. Kwa hiyo si haki kumwita mvivu mwanafunzi anayechanganya lose na loose: maneno yana nasaba moja, na tahajia inampotosha, maana o moja na o mbili hapa hutamkwa sawasawa. Sikio ndilo linaloyatenganisha, loose likiishia na s, lose likiishia na z.

Itasemwa kwamba Kiingereza nacho kina slack, wobbly na rickety, basi hakijapungukiwa. Ni kweli, ila kila moja lina kasoro yake linayoitaja. Chukua kamba ya kuanikia nguo: funga ncha zote mbili kwa fundo imara, tundika shuka mbichi, na katikati itabonyea. Hiyo ni slack. Ukiiita loose, msikilizaji anaweza kwenda kukagua fundo ambalo halina kosa. Meza yenye mguu mmoja mfupi ni wobbly hata kama misumari yote imekaza. Rickety limetokana na rickets, ugonjwa wa watoto wa kulainika mifupa, ambao daktari Francis Glisson aliuandikia kitabu mwaka 1650. Kiti kilicho rickety kimechoka maungio yote, na kukaza skrubu moja hakukiponyi.

Watunzi wa kamusi na walimu, acheni kutoa "legevu" peke yake. Andikeni loose pamoja na kitu chenyewe na kitenzi chetu: jino linacheza, suruali inapwaya, mbwa kafunguliwa.