Josho la hedhi na afya ya matiti: Stara si kuficha maradhi



Safu yetu leo inazungumzia maradhi ambayo wengi wetu tunaona haya kuyataja, nayo ni saratani ya matiti. Huenda akatokea msomaji akasema kuwa haya ni mambo ya akina mama, si ya kusomwa mbele za watu. Nakuomba ewe baba usifunue ukurasa mwingine. Mama akiugua, nyumba nzima imeugua. Na katika maradhi haya, jambo kubwa zaidi linaamuliwa nyumbani kabla tabibu hajamwona mgonjwa, nalo ni siku ya kwenda hospitali. Anayewahi ana matumaini makubwa ya kupona. Anayechelewa, dawa zinapungua nguvu na gharama zinaongezeka.

Ukubwa wa tatizo

Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 duniani waligundulika kuwa na saratani ya matiti, na watu 670,000 walifariki kwa maradhi hayo. Hapa Tanzania, kwa upande wa wanawake, saratani hii inafuatia ile ya mlango wa kizazi kwa wingi wa wagonjwa.

Linalosikitisha zaidi ni hali wanayofika nayo wagonjwa wetu. Tathmini ya huduma za saratani ya matiti nchini iliyotolewa mwaka 2017 ilionyesha kuwa takriban wanawake 80 kati ya 100 hugundulika wakati maradhi yamekwishafika hatua ya tatu au ya nne. Hapo uvimbe umekuwa mkubwa, au umetoboa ngozi, au umesambaa hadi kwenye mifupa, mapafu au ini. Katika nchi tajiri ambako wengi huwahi na kumaliza matibabu, zaidi ya wanawake 90 kati ya 100 huwa hai miaka 5 baada ya kugundulika. Maradhi ni yale yale. Kinachotofautisha ni wakati na matibabu.

Kwa nini tunachelewa?

Anayekaa chumba cha uchunguzi husikia majibu yanayofanana. "Kilikuwa kidogo tu, wala hakiumi." "Nilidhani ni maziwa yameganda." "Nilikuwa namsubiri baba watoto arudi safari." "Niliambiwa nimerushiwa kitu, nikapelekwa kwa mtaalamu." "Niliona aibu, daktari ni mwanamme."

Tuanze na hilo la kwanza, kwa kuwa ndilo linalowapoteza wengi. Tumezoea kuamini kuwa ugonjwa mkubwa lazima uume. Saratani ya matiti mara nyingi inapoanza haiumi hata kidogo. Mama anapika, anafua, anakwenda shambani au sokoni, na kile kigumu kipo. Maumivu yakianza, mara nyingi muda mwingi umekwishapita. Kwa hiyo kivimbe kisichouma kisikupe utulivu. Hicho ndicho cha kuwahisha hospitali.

Ama kuhusu kurogwa au kijicho, saratani ni chembechembe za mwili zilizoacha utaratibu wake wa kukua, zikazaana bila mpangilio na kusambaa. Haiambukizi kwa chakula, nguo wala kulala pamoja. Hailetwi na kuweka pesa au simu kwenye sidiria. Umri ukizidi, hasa baada ya miaka 40, hatari huongezeka, na mwenye mama, dada au binti aliyeugua anatakiwa awe makini zaidi. Lakini karibu nusu ya wanaoipata hawana sababu yoyote ya kipekee zaidi ya kuwa ni wanawake na umri wao. Wanaume nao hupata, ingawa ni wachache, kiasi cha mmoja au chini ya hapo katika kila wagonjwa 100. Kwa hiyo asiwepo wa kusema "kwetu hakuna."

Josho, wakati bora wa kujijua

Dada yangu Muislamu, dini yako imekuwekea wakati ambao sisi watu wa tiba tunautafuta. Siku chache baada ya damu ya hedhi kukatika, matiti huwa laini na hayana ule uvimbe na maumivu yanayotangulia hedhi. Ni wakati mzuri wa kuyafahamu. Na karibu na siku hizo hizo wewe unaingia bafuni kwa ajili ya josho la wajibu, peke yako, mlango umefungwa, unafikisha maji mwili mzima. Basi ukishamaliza josho lako, ongeza dakika 5.

Kwanza, tazama. Kama una kioo, simama mbele yake mikono ikiwa chini, kisha inyanyue juu ya kichwa. Angalia kama kuna tofauti na mwezi uliopita. Titi moja kuwa kubwa kidogo kuliko jingine tangu zamani si ugonjwa. Unachotafuta ni mabadiliko mapya.

Pili, papasa. Mkono wa kushoto ukiwa umenyanyuliwa, tumia vidole vitatu vya mkono wa kulia, sehemu ya nyama na si ncha. Papasa titi la kushoto kwa mizunguko midogo, kwanza kwa wepesi kisha kwa kukandamiza kidogo. Anzia kwenye mtulinga, shuka titi lote hadi chini yake, ingia kwapani, malizia kwenye chuchu. Kisha fanya hivyo hivyo upande wa pili. Sabuni husaidia vidole kuteleza.

Aliyekoma hedhi, mjamzito na anayenyonyesha wachague siku moja ya kila mwezi, kwa mfano siku mwezi unapoandama. Anayenyonyesha ajikague mtoto akishashiba, titi likiwa tupu.

Fahamu pia kwamba kujipapasa hakuchukui nafasi ya uchunguzi wa hospitali. Usijihukumu kuwa mzima au mgonjwa kwa vidole vyako. Faida yake ni moja: umelizoea umbo lako, hivyo kigeni kikiingia utakijua mapema. Ukipata nafasi ya kwenda kituo cha afya kwa jambo jingine, mwombe muuguzi au tabibu akukague na matiti.

Dalili za kwenda nazo hospitali

1. Uvimbe au kigumu kipya ndani ya titi au kwapani, hata kama hakiumi.
2. Titi moja kubadilika ukubwa au umbo.
3. Ngozi kubonyea ndani, kujikunja, au kuwa na vitundu kama ganda la chungwa.
4. Chuchu iliyokuwa nje kuingia ndani.
5. Damu au majimaji yasiyo maziwa kutoka kwenye chuchu.
6. Ukurutu au kidonda kwenye chuchu kisichopona.
7. Titi kubadilika rangi, kupata joto au kuvimba bila ya sababu.

Ukiona moja katika haya, nenda wiki hiyo hiyo. Na usife moyo njiani, kwani sehemu kubwa ya vivimbe vya matiti, hasa kwa mabinti, si saratani. Wengi wanaokwenda hurudi nyumbani na habari njema. Lakini habari hiyo hutolewa na kipimo. Jirani hawezi kukupa.

Neno kwa mama anayenyonyesha

Kunyonyesha ni kinga mojawapo. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kuwa kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari ya saratani ya matiti kwa takriban asilimia 4. Mama anayetimiza miaka miwili ananufaisha mtoto na nafsi yake. Hata hivyo kupunguza si kuondoa kabisa, na aliyenyonyesha watoto wanane naye anaweza kuugua.

Tena mama huyu yumo katika hatari ya kucheleweshwa. Titi likivimba kila mtu husema ni maziwa au jipu. Mara nyingi ni kweli, na dawa humaliza tatizo. Lakini ukimaliza dozi na uvimbe bado upo, usinunue dozi nyingine duka la dawa. Rudi kituoni na uombe rufaa ya vipimo.

Je, stara inakatazwa kuvunjwa hospitali?

Nikiwa tabibu niliyepitia madrasa kabla ya chuo cha utabibu, swali hili naulizwa mara kwa mara. Haya ni katika imani, na hakuna anayekutaka uivue. Lakini wanazuoni wetu wamelifafanua jambo la matibabu tangu zamani. Mtume (S.A.W) aliwahimiza Masahaba wajitibu. Na Bibi Rubayyi' bint Mu'awwidh (R.A) amesimulia jinsi wanawake walivyotoka pamoja na Mtume (S.A.W) vitani wakiwapa watu maji na kuwatibu majeruhi, ambao walikuwa wanaume. Haja ya tiba ina hukumu yake.

Kwa hiyo fuata utaratibu huu. Omba tabibu mwanamke, ni haki yako kuomba. Akikosekana, mwanamme mwaminifu akuhudumie, ukiwa na mumeo, mahram wako au muuguzi wa kike chumbani, na kifunuliwe kile tu kinachohitajika kwa kadiri ya haja. Ukiwa na mashaka, muulize shekhe wako, lakini muulize wiki hii, si baada ya mwaka. Stara ni kuusitiri mwili kwa asiyehusika. Kumficha tabibu maradhi yanayoua hakumo katika stara.

Hali kadhalika dua na kisomo havipingani na hospitali. Soma, somewa, huku ukipanda gari kwenda kupimwa. Kosa ni kumaliza miezi sita kwenye kombe na mizizi wakati kivimbe kinakua.

Ukifika hospitali

Tabibu atakuuliza maswali na kukukagua. Kisha utaandikiwa altrasaundi, na pengine mamografia, ambayo ni picha ya eksirei ya matiti. Kikionekana cha kutiliwa shaka, huchukuliwa kinyama kidogo kwa sindano na kupelekwa maabara. Wapo wanaosema sindano hiyo hueneza saratani. Si kweli. Bila kinyama hicho hakuna awezaye kujua aina ya maradhi wala tiba yake.

WHO inazitaka nchi zihakikishe kuwa majibu ya uchunguzi yanakamilika ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni mara ya kwanza. Andika tarehe uliyofika, utunze karatasi zako, na majibu yakichelewa uyafuatilie. Tiba ya saratani hutolewa, miongoni mwa sehemu nyingine, katika Taasisi ya Saratani Ocean Road na Muhimbili jijini Dar es Salaam, Bugando Mwanza na KCMC Moshi. Anza na kituo kilicho karibu nawe upate rufaa.

Kuna hofu ya kisu. Watu husema, "Fulani alikatwa titi, hakumaliza mwaka." Tuulize, alikatwa akiwa hatua gani? Aliyefika maradhi yamekwishasambaa, kisu hulaumiwa kwa kosa la kuchelewa. Uvimbe ukiwahiwa ungali mdogo, huenda ukaondolewa wenyewe na titi likabaki. Na hata likiondolewa, mama huyo anabaki kuwa mke, mzazi na mja mwenye ibada zake. Aidha, ukianza dawa au mionzi usiache katikati kwa kuwa umejisikia nafuu.

Wajibu wetu sote

Ewe mume, mkeo akikwambia "nimeona kitu," usimjibu "subiri tuone." Mwambie, "Kesho tunakwenda." Ukiwa safarini, mpe ruhusa na nauli kwa simu siku hiyo hiyo. Na akigundulika, asikuone unamkimbia au kumtazama kwa jicho jingine. Mke mwenye hofu ya kuachwa ataficha maradhi hadi yatoe harufu.

Enyi mama zetu na mashangazi, mnapowafunda mabinti hukumu za hedhi na josho, ongezeni somo hili. Walimu wa madrasa za akina mama mnaweza kumwalika muuguzi wa kike kwa darasa moja baada ya Alasiri, wanawake watupu, waulize wasiyothubutu kuuliza mahali pengine.

Maimamu na kamati za misikiti, vipimo vingine viko mbali, na wengi hukwamishwa na nauli na pa kufikia mjini. Tunachangishana kwa mazishi na tunafanya vizuri. Tuchangishane pia kwa nauli ya mgonjwa angali anatembea kwa miguu yake. Tena mafakiri na masikini wamo katika wanaostahiki zaka.

Ndugu msomaji, ukimaliza ukurasa huu usiuweke. Mpe mkeo, dada yako au mama yako ausome, na asiyejua kusoma msomee. Kisha muulize kwa upole, "Je, kuna chochote ulichokiona?" Huenda amekuwa akingoja kuulizwa.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W) awaponye wagonjwa wetu na atujaalie kuwahi. Amin.

Wabillahi tawfiq.