Mzazi, usimuumize mwanao kwa tamaa ya ushindi

JE, umewahi kusimama kando ya uwanja wa shule siku ya Jumamosi ukawatazama wazazi badala ya watoto? Ukifanya hivyo utayaona mengi. Kuna baba anayemfokea refa kila kipenga kinapolia. Kuna mama anayemwita mwanawe mvivu mbele ya wenzake kwa sababu amekosa bao. Na kuna mtoto anayechechemea lakini hathubutu kutoka uwanjani, kwani anaogopa maneno atakayoambiwa njiani wakirudi nyumbani.

Mtoto huyo ndiye anayetuhusu leo.

Hakuna anayepinga kwamba michezo ni dawa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza watoto wa umri wa miaka 5 hadi 17 wapate angalau dakika 60 za mazoezi kila siku. Mazoezi huimarisha moyo, mapafu na mifupa, huzuia unene na humpa mtoto usingizi mzuri. Kwa mtoto wa mjini anayekaa katika nyumba ya ghorofa na kwenda shuleni kwa basi, mpira wa jioni ni neema. Lakini dawa yoyote ikizidi kipimo hudhuru.

Mifupa ingali michanga

Wazazi wengi hupenda kusema samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, lakini hata samaki mbichi akikunjwa kwa nguvu huvunjika. Mfupa wa mtoto una sehemu laini ya gegedu karibu na ncha zake, na hapo ndipo mfupa unaporefukia. Kwa kawaida sehemu hiyo haigeuki kuwa mfupa mgumu hadi msichana afikie takriban miaka 14 au 15, na mvulana 16 au 17. Ikiumia vibaya, mguu au mkono unaweza kukua ukiwa mfupi au umepinda.

Mtoto anayerefuka haraka huku akicheza sana huweza kupata maumivu chini kidogo ya pia ya goti, au nyuma ya kisigino. Aghalabu maumivu haya hupona kwa kupumzika. Hatari huanza mzazi anaposema "jikaze" au anapompa mtoto vidonge vya maumivu ili amalize mechi. Maumivu ni kengele; ukiinyamazisha, moto hauzimiki. Ukiona mwanao anachechemea, kiungo kimevimba, au anaumwa hata usiku akiwa amelala, mpeleke kwa daktari.

Vivyo hivyo kwa kichwa. Mtoto akigongwa kichwani kisha alalamike kuumwa na kichwa, kizunguzungu au kuchanganyikiwa, atolewe uwanjani na asirudi siku hiyo, hata kama hakuzimia. Akitapika mara kwa mara au akisinzia kupita kawaida, mkimbize hospitali. Asicheze tena mpaka daktari aruhusu, kwani pigo la pili kabla ubongo haujapona linaweza kumuua.

Wazazi wa wasichana nao wawe macho. Msichana anayekimbia sana huku akila kidogo anaweza kukosa hedhi. Wako makocha na wazazi wanaofurahia jambo hilo wakidhani ni ishara ya mazoezi mazuri. Sivyo. Ni dalili kwamba mwili hauna nguvu ya kutosha, na mifupa yake inaweza kudhoofika. Akikosa hedhi kwa miezi mitatu, amwone daktari.

Kipimo ni kipi?

Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri mtoto apumzike siku moja au mbili kila wiki, na aache mchezo wake mkuu kwa jumla ya miezi mitatu kwa mwaka, hata kama ni mwezi mmoja mmoja. Pia kinashauri kwamba katika michezo mingi mtoto asifungiwe mchezo mmoja tu kabla ya kufikia miaka 15 au 16. Kwa hivyo likizo isiwe kambi nyingine. Mwache aogelee, aruke kamba, acheze na wenzake mtaani.

Huenda ukauliza: hatachelewa? Mtazame David Rudisha. Baba yake, Daniel, alishinda medali ya fedha katika mbio za kupokezana vijiti za mita 400 kwa wanariadha wanne, kwenye Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Kijana naye alianza na mita 400 na hata kujaribu dekathlon kabla ya kuhamia mita 800 chini ya kocha Colm O'Connell huko Iten. Mwaka 2012 jijini London alishinda dhahabu kwa dakika 1 sekunde 40.91, na kuweka rekodi ya dunia. Kujaribu mengi hakukumchelewesha.

Liko pia suala la umri. Wazazi wanaobadilisha cheti cha kuzaliwa ili kijana acheze na wadogo wake huhatarisha watoto wa wenzao. Mtoto wa miaka 13 akigongana na kijana wa miaka 17, unajua nani atakayebebwa. Tangu Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 lililofanyika Nigeria mwaka 2009, FIFA hupima kifundo cha mkono kwa mashine ya MRI ili kuwatambua waliopita umri. Mfupa haudanganyi.

Basi, mzazi, fanya nini? Mwachie kocha kazi ya kufundisha na refa kazi ya kuamua. Hakikisha mtoto amekula na kulala vya kutosha, na ana chupa ya maji. Mshangilie akifanya vyema, na umpigie makofi hata mtoto wa jirani. Mechi ikiisha, kabla ya kumuuliza kama wameshinda, muulize kama amefurahi na kama kuna mahali panapomuuma. Akikujibu kwamba anataka kupumzika, msikilize.

Kikombe kitawekwa kabatini kipate vumbi. Goti atatembea nalo maisha yake yote.