Dawa ya kuamsha mbegu za mahindi: tupime kwanza, tununue nyuma

Ndugu wakulima wa koperative,

Saizoni A inakaribia, na kwenye masoko kuko chupa zinazoitwa biostimulanti. Muuzaji anasema: loweka mbegu ndani, mavuno yatapanda. Mbele ya kutoa feza ya sanduku, tujue kwanza kazi ya dawa hiyo.

Biostimulanti si mbolea, tena si dawa ya wadudu. Zingine zinatoka kwa majani ya bahari, zingine ziko na bakteria wazuri wanaoishi kwenye mizizi. Kazi yao ni kusaidia mbegu iamke haraka na itoe mizizi mingi. Mizizi hiyo inatafuta maji na chakula katika udongo. Lakini kama udongo umechoka, hauna azoti wala fosfori, mizizi itatafuta bila kupata. Njo maana samadi na mbolea haziachwe.

Jambo lingine: maji matupu pia yanaamsha mbegu. Mbegu iliyolala ndani ya maji usiku mzima inaota mbele ya ile kavu. Kwa hiyo, mukilinganisha mbegu ya dawa na mbegu kavu tu, hamutajua ni dawa ao ni maji yaliyofanya kazi.

Mufanye hivi:

1. Katika shamba moja, pimeni vipande 3, kila kimoja meta 10 kwa 10.
2. Cha kwanza: mbegu kavu. Cha pili: mbegu iliyolowekwa katika maji matupu masaa 12. Cha tatu: mbegu iliyolowekwa na dawa masaa yaleyale, kipimo kama kilivyoandikwa kwenye chupa.
3. Anikeni mbegu kivulini mpaka isishikane na mikono, kisha pandeni vyote siku ileile, kwa nafasi na mbolea zilezile.
4. Siku ya 10, hesabuni miche iliyoota. Wakati wa mavuno, pimeni kilo za mahindi makavu ya kila kipande.

Wanachama 4 ao 5 wafanye vilevile, kwa sababu shamba moja linaweza kudanganya.

Hesabu ni rahisi. Kilo 1 ya kuzidi kwenye kipande ni sawa na kilo 100 kwa hekta. Tazameni ni kilo ngapi dawa imezidisha juu ya maji matupu, zidisheni na bei ya soko, kisha linganisheni na bei ya dawa ya hekta nzima. Kama faida haionekani, endeleeni na maji. Hayo hamuyanunue.

Angalisho: mbegu yenye rangi imekwisha kupakwa sumu. Musiiloweke, na kuku wasiikule. Tena musipande mbegu iliyolowekwa katika udongo mukavu: imekwisha kuamka, mvua ikichelewa inaweza kufa.

Matokeo yenu muyalete kwenye mkutano wa koperative, mazuri na mabaya pia. Hapo njo tutaamua pamoja kama feza itoke.